Ukihama Vitongoji, Hama na Afya Yako

Kila baada ya muda kuna mtu wa Vitongoji, Pemba, anayefunga begi. Mmoja anakwenda Tandika kukaa dukani kwa ami yake. Mwengine anavuka kwenda Tanga au Shimoni kufuata samaki. Binti wa jirani amepata kazi ya ndani Muscat, na mwalimu mstaafu anamfuata mwanawe Uingereza. Nauli hujadiliwa mwezi mzima, dua husomwa, pweza mkavu hufungwa kwenye gazeti. Suala la afya humalizwa kwa sentensi moja: "Hospitali huko zipo."

Zipo, na nyengine ni nzuri kuliko zetu. Lakini mhamiaji hulindwa au huangushwa zaidi na mambo ambayo daktari hayaoni: chumba anacholala, maji anayokunywa, saa anazotumikishwa, na mlango anaoweza kuugonga saa nane za usiku. Mengi ya hayo yanapangika kabla ya kupanda boti.

Watafiti wa Canada na Marekani wamelikuta jambo moja mara nyingi: mhamiaji anapofika ugenini huwa mzima kuliko wenyeji, kwa sababu mgonjwa hasafiri, kisha miaka inavyokwenda uzima ule unapungua. Mwaka 1976 watafiti Michael Marmot na Leonard Syme walitoa matokeo ya uchunguzi wa Wajapani zaidi ya 3,800 walioishi California. Walioshikamana zaidi na malezi na jamaa za Kijapani walikuwa na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kama cha Japani kwenyewe. Waliojitenga zaidi na jamii yao waliumwa mara tatu hadi tano zaidi, na tofauti hiyo haikuelezeka kwa sigara, presha wala chakula pekee. Kwa hiyo ukiona Wapemba wa Muscat wanajazana nyumba moja siku ya Ijumaa kula pamoja, usiwacheke. Wanajitibu bila ya kujua.

Kabla ya kuondoka

Anzia hospitali ya hapa hapa Vitongoji, wiki chache kabla ya safari, si siku ya kuamkia boti. Pima presha, sukari, mkojo na choo. Ng'oa au ziba jino bovu, maana jino likianza kuuma Dar unalitafutia pesa, na likianza kuuma London unalisubiri foleni. Kama unatumia dawa za kila siku, mwambie mhudumu akuandikie jina la dawa yenyewe na kiwango chake, kwa sababu jina la kwenye boksi hubadilika kila nchi. Kipige picha cheti hicho na umtumie mtu mmoja wa nyumbani. Kadi ya kliniki ya mtoto ifungwe pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Bila kadi ile mtoto huweza kuchomwa upya chanjo zote alizokwishachomwa.

Anayekwenda Ghuba atapimwa kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na homa ya ini kabla ya kupewa ukaazi. Watu huliogopa hilo, na wakiwa na kikohozi hukificha kwa dawa za kutuliza. Ni kosa linalogharimu. Kifua kikuu hapa kwetu hutibiwa bure, kwa kawaida miezi sita. Ukikigundua nyumbani unachelewa safari. Ukikigundua kule unaweza kurudishwa na deni la wakala juu. Kama unakohoa zaidi ya wiki mbili, unatoka jasho usiku na nguo zinakupwaya, peleka makohozi yapimwe kabla hujalipa chochote.

Kisha kuna kichocho, ambacho wanaume wa Pemba wana desturi ya kukinyamazia. Kimepigwa vita kwa miaka mingi kisiwani, kwa dawa ya prazikwanteli maskulini na mitaani na kwa kuua konokono kwenye mito na mabwawa, na maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imekuwa ikikifuatilia. Kimepungua sana lakini hakijaisha. Aliyekulia kuoga mtoni anaweza kukojoa damu, akaona ni mambo ya ujana. Mwanamke naye anaweza kuwa na maumivu ya chini ya tumbo na damu isiyo ya kawaida, akatibiwa maradhi ya zinaa ambayo hana, na ndoa ikaingia shaka. Ukifika Birmingham, daktari wako huenda hajamwona mgonjwa wa kichocho tangu alipokuwa chuoni. Atakutafutia mawe ya figo. Mwambie mwenyewe: nimekulia Pemba, nimeoga maji baridi ya mto, naomba nipimwe kichocho na minyoo. Huko si kumfundisha kazi. Ni kumpa habari asiyoweza kuipata kwengine.

Homa ya Bara

Malaria ya Bara naikazia kwa sababu inaua vijana wazima. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, zikafuatiwa na vyandarua vyenye dawa na kupigwa dawa majumbani, malaria imeshuka mpaka wenye vimelea wamekuwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Kijana wa miaka 20 aliyekulia Vitongoji leo huenda hajawahi kuumwa malaria hata mara moja. Bibi yake aliumwa utotoni masika hata masika, akajenga kinga fulani. Yeye hana kinga hiyo, na bibi naye, baada ya miaka yote hii bila ya kuumwa, yake imekwisha au imepungua.

Sasa kijana huyo anakwenda Mtwara kwenye korosho, au Kigoma kwenye dagaa, mikoa ambayo malaria bado ni nyingi. Wiki ya pili anapata homa. Wenzake wa kule, waliozoea, wanamwambia ni uchovu, ameze panadoli alale. Wao mwili wao unaweza kuihimili siku mbili tatu. Wa kwake unaweza kuanguka ndani ya muda huo huo. Basi shika kanuni moja tu: ukiwa Bara, homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha kidole hutoa jibu kwa takriban robo saa. Ukikutwa nayo, maliza dozi yote hata ukijisikia nafuu siku ya pili.

Chukua chandarua chako kutoka nyumbani. Duka la kulala na kambi ya uvuvi aghalabu hazina, na mtu mgeni huona haya kuomba.

Kurudi nako kuna utaratibu wake. Sehemu kubwa ya malaria inayoonekana Zanzibar sasa ni ya watu waliosafiri Bara. Ukirudi Vitongoji ukapata homa ndani ya mwezi, nenda kapime na useme umetoka wapi. Afisa wa malaria akija nyumbani kupima na wenzako, mkaribisheni. Hakuja kwa sababu ya uchafu wa nyumba.

Chumba

Mtu wa kwetu akihamia mjini hupewa pahala pa kulala na jamaa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini lichunguze. Chukua duka la rejareja la Mpemba pale Dar es Salaam: saa nne za usiku mlango wa chuma unashushwa, magunia ya mchele yanasogezwa, godoro linatandikwa baina ya mafuta ya kupikia na sabuni, na vijana watatu wanalala humo mpaka alfajiri. Hakuna dirisha. Feni inazungusha hewa ile ile. Mmoja akiwa na kifua kikuu, wengine wawili wako mbioni kuambukizwa. Panya wako chini, mbu wako juu, na kuanzia asubuhi ni kusimama nyuma ya kaunta saa kumi na tano, kula chipsi na soda kwa sababu hakuna jiko.

Sikwambii uikatae kazi. Nakwambia uombe mambo ambayo tajiri yeyote muungwana anaweza kuyatoa: mlango wa wavu ili wa chuma ubaki wazi kidogo usiku, chandarua, na siku moja ya kupumzika. Ukikosa vyote, toka nje ya duka nusu saa kila siku, tembea, kaa juani. Pika angalau mara moja kwa siku, hata kama ni uji na samaki wa kukaanga. Mtu wa shamba alikuwa akitembea tangu asubuhi bila ya kuliita zoezi; ukikata kutembea huko ukaongeza soda, sukari na presha huja kimya kimya, na wengi wetu huzigundua siku ya kuanguka.

Dago, yaani kambi ya wavuvi, lina balaa lake jengine, nalo ni maji na choo. Wavuvi arubaini wakipiga kambi ufukweni na wote wakajisaidia kichakani, kisima kilicho karibu si cha kunywa tena. Kipindupindu na homa ya matumbo havitaki zaidi ya hapo. Chemsheni maji au tieni dawa ya klorini, na mchimbe shimo la choo siku ya kwanza, mbali na kisima na upande wa chini yake. Siku ya kumi mtu hana nguvu ya kuchimba.

Muscat adui ni joto. Kuanzia Juni mpaka Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za nje juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu. Ijue sheria hiyo kabla hujafika, maana si kila msimamizi atakukumbusha. Kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, umechelewa. Mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka na ngozi imewaka moto, mtie kivulini, mmwagie maji na upige simu 9999. Usimwache alale ukidhani amechoka.

Wanaofanya kazi ndani ya nyumba hawana jua, wana saa. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Falme za Kiarabu ilisimulia pasi zilizochukuliwa, mishahara iliyozuiwa na siku za kazi zisizokuwa na mwisho. Si nyumba zote ziko hivyo. Wako waliopata mabosi wanaozungumza nao Kiswahili cha Unguja, waliozaliwa huku wakaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Lakini huwezi kujua utaangukia wapi. Basi pasi, viza na mkataba vipige picha kabla ya kuondoka, na nakala abaki nayo mtu wa nyumbani. Nambari ya Ubalozi wa Tanzania Muscat iandike kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, kwani simu ndicho kitu cha kwanza kinachochukuliwa.

Na kwa anayekwenda nchi za baridi, dokezo dogo: ngozi nyeusi iliyofunikwa, katika nchi isiyo na jua, hukosa vitamini D. Idara ya afya ya Uingereza inashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Ni vidonge vya bei rahisi. Maumivu ya mifupa ambayo bibi ameyaita baridi yabisi huenda yanatokana na upungufu huo.

Watu

Ugenini unahitaji watu wa aina tatu, na kosa la wengi wetu ni kubaki na aina moja tu.

Wa kwanza ni mwananchi mwenzako, wa Vitongoji au Ole au Wawi. Huyu ndiye atakayekupokea stendi, atakayekukopesha, atakayekusomea ukiumwa. Wa pili ni mwenyeji: jirani, muuza mboga, imamu wa msikiti wa mtaa, mama wa mlango wa pili. Wa tatu ni mtu anayejua njia za pale: muuguzi, mhudumu wa afya wa mtaa, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya mtaa, au mhamiaji aliyekwishakaa miaka kumi. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mtaalamu wa jamii wa Marekani, alionesha kwamba watu huzipata habari mpya za kazi zaidi kwa wale wanaojuana nao kijuujuu kuliko kwa marafiki wa karibu, kwa kuwa marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua. Katika afya ni hivyo hivyo. Watu saba wa chumba kimoja wote wa Vitongoji watakupenda sana, na wote saba watakuwa hawajui kliniki ya bure iko wapi.

Kwa hiyo wiki ya kwanza fanya ziara tatu. Salimia jirani, na upeleke kitu, hata kisahani cha vitumbua. Tafuta kituo cha afya ukiwa mzima, uone mlango wake, uulize wanataka karatasi gani. England unaweza kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, wanayemwita GP, bila ya kuulizwa hati ya ukaazi. Wakikukatalia mapokezi, sema hivyo kwa upole na usiondoke. Huko huko mkalimani wa Kiswahili ni haki yako bila malipo. Usimfanye mtoto wako wa miaka kumi awe mkalimani wa mama yake. Kuna mambo mama hatayasema mbele ya mwanawe, na mtoto asibebeshwe kuyasikia.

Karatasi nazo ni sehemu ya afya. Wapemba waliokaa pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, waliishi miongo bila ya kitambulisho mpaka serikali ilipowatambua kuwa raia mwaka 2023. Katika muda wote huo mtu hakuweza kujiandikisha bima ya afya kwa jina lake, wala kupata leseni ya uvuvi. Watoto wao walizaliwa humo humo na tatizo lile lile. Ukihamia Kenya leo, jua kwamba bima ya taifa tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA, na shughulikia kitambulisho au kibali mapema, ukiwa na nguvu za kupanga foleni.

Sasa upande ambao hatupendi kuuzungumza. Watu wa kwenu wanaweza kukuumiza kwa mapenzi. Dawa za antibayotiki zilizobaki kwa mwenzako hugawiwa chumba kizima. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha wanakijiji sauti moja ya dakika nne inasema maji ya ndimu yanaosha figo, na watu wazima wanaacha vidonge vya presha. Mtu mwenye kifua kikuu au virusi vya UKIMWI anajificha asije akasikika mpaka Chake Chake, na kweli atasikika, kwa kuwa habari hufika Pemba kabla ya mgonjwa kufika hospitali. Ndiyo maana aina ya tatu ya mtu ni muhimu: asiyewajua wazee wako.

Na kuna pesa. Anayeishi Muscat hupigiwa simu za harusi, za bati, za ada ya skuli, za hitma. Wengi hupunguza chakula chao wenyewe ili watume. Panga kiasi cha kila mwezi, kiseme wazi kwa mtu mmoja wa nyumbani anayeheshimiwa, na yeye ndiye awe mgawaji. Mama atanung'unika mwezi wa kwanza.

Moyo nao huumwa. Usingizi ukikatika wiki mbili, chakula kikawa hakina ladha, ukawa unalia bafuni ili wenzako wasisikie, hayo ni maradhi. Ukipiga simu nyumbani utaambiwa umeingiliwa, na mganga atatafutwa. Usigombane na mamaako kwa masafa yale. Mwache asome na afukize, ni dua zake na zinakutuliza, na wewe kesho yake nenda kwa daktari. Viwili hivyo havipingani. Kinachopingana na matibabu ni yule anayekutaka uache dawa.

Na anayehamia kwetu

Vitongoji nako wanakuja watu: fundi wa ujenzi kutoka Bara, mvuvi wa kukodi, mwalimu mpya, mke aliyeolewa kutoka Tanga. Tunawasifu wageni kwenye methali, kisha tunawapangisha chumba kisicho na choo.

Ukiwa mwenye nyumba, mpe mpangaji wako chandarua na umwoneshe kisima cha maji ya kunywa na kile cha kufulia, hajui tofauti. Mpeleke kwa sheha siku za mwanzo, kwani mgeni anayejulikana haogopi kwenda hospitali. Fundi aliyefika wiki iliyopita akipata homa, usisubiri mpaka Jumatatu: mpandishe bodaboda mpaka hospitali apimwe malaria, kwa faida yake na ya watoto wako wasiokuwa na kinga. Mke mgeni akijifungua, jirani mmoja achukue zamu ya kumpikia na mwengine ya kwenda naye kliniki, maana mama yake yuko ng'ambo ya bahari.

Na kama ni wewe uliyebaki, mwanao ndiye aliyehama, badilisha maswali ya simu. Akijibu "sijambo", muulize jana alilala saa ngapi, alikula nini na alikula na nani. Akisita kwenye la mwisho, mtafute mtu wa Pemba aliye mji ule, umwombe aende akamtazame wiki hii.